Mkutano wa Kikundi: Tuufunge Namna Gani?

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala mbegu. Tutazungumza juu ya nusu saa ya mwisho ya mkutano wa kikundi chenu. Huenda ukasema, "Ah, Bwana Shamba, kufunga mkutano nako kunahitaji mafunzo? Si tunapiga makofi, tunakwenda zetu?" Hebu nisikilize kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga mkutano kwa makofi, na mahindi ya watu yakaliwa.

Ilikuwa pale Masuguru, upande wa Handeni na Korogwe, wakati wa masika. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Tulikaa chini ya mwembe tukazungumza juu ya kiwavijeshi vamizi, yule mdudu aliyethibitishwa kuingia nchini Tanzania mwaka 2017. Niliwaonyesha alama zake: kichwani ana mstari kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Tukazungumza saa mbili nzima. Watu waliuliza, wazee walishauri, kina mama walichangia. Wote tukakubaliana kwamba mashamba yakaguliwe. Mimi nikatazama saa, nikasema, "Haya ndugu zangu, tushirikiane. Asanteni sana." Makofi yakapigwa, nikapanda pikipiki yangu, nikaondoka.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Majani yalikuwa yametobolewa ovyo, na ndani ya moyo wa mimea mumejaa kinyesi kama vumbi la mbao. Nikauliza, "Jamani, nani alikagua?" Kimya. Mmoja alidhani mwenyekiti atakagua. Mwenyekiti alidhani mimi nitaleta bomba la kunyunyizia dawa. Kisha mama mmoja akasema kwa upole, "Bwana Shamba, wewe ulisema tukague. Hukusema nani, wala hukusema lini."

Ndugu mkulima, sikuwa na la kujibu. Mayai ya mdudu huyu huanguliwa kwa siku chache tu, na kukiwa na joto kiwavi humaliza kukua kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Akiwa mdogo, unamponda kwa vidole au unatia mchanga ndani ya moyo wa mmea. Akishakuwa mkubwa hujificha ndani kabisa, hata dawa haimfikii vizuri. Kwa hiyo wiki mbili zile ndizo zilizotakiwa, na sisi tulizipoteza kwa sababu mkutano ulikwisha bila ya mtu kubeba kazi. Maneno matupu hayavunji mfupa.

Sasa basi, mkutano ufungwe namna gani? Yafuatayo ndiyo tuliyojaribu baadaye, tukaona yanafaa.

Kwanza, anzeni kufunga mapema. Kama mkutano ni wa saa mbili, wekeni nusu saa ya mwisho kwa kazi hii peke yake. Msingoje mpaka jua liwe kali na kina mama wameanza kuinuka kwenda kutafuta maji. Watu wakiwa wamesimama, kila jambo watalikubali ili waondoke.

Pili, mwanachama wa kawaida aseme mliyokubaliana. Asiwe mwenyekiti, na tafadhali asiwe Bwana Shamba. Mwambieni, "Ndugu, hebu tueleze, leo tumeamua nini?" Akikosea, wengine watamsahihisha. Hapo ndipo mtajua kama mmeelewana. Mara nyingi mtashangaa kuona kwamba kila mtu alisikia jambo lake.

Tatu, kila kazi ipate mwenyewe na siku yake. Neno "tukague" halitoshi. Pale Masuguru tulirudia hivi: wanachama waligawanyika katika makundi ya majirani watanowatano. Kila kundi likachagua siku mbili za wiki. Wakakubaliana kuingia katika kila shamba, kutazama mimea 10 katika sehemu 5 mbalimbali, na kuhesabu mingapi kati ya hiyo 50 ina dalili za kiwavi. Kila mhusika alitamka kwa kinywa chake mwenyewe: "Mimi nitakagua Jumanne na Jumamosi." Katibu akaandika katika daftari, kisha akasoma kwa sauti. Mtu aliyetamka mbele ya wenzake huona haya kusahau. Ahadi ni deni.

Nne, zungukeni duara, kila mtu aseme neno moja tu: ni jambo gani litakalomzuia? Hili msiliruke. Katika mkutano ule wa kwanza, mama mmoja alikuwa na tatizo kubwa, lakini hakuna aliyemwuliza. Mimi nilikuwa nimesema ukaguzi ufanywe asubuhi na mapema, wakati viwavi wanaonekana vizuri. Yeye saa hizo yuko njiani na ndoo. Alipopata nafasi ya kusema, jibu lilipatikana pale pale: jirani yake atamkagulia asubuhi, naye atakagua ya jirani jioni, maana jioni pia viwavi hutoka. Jambo hilo lilichukua muda mfupi tu, na lingeweza kuokoa shamba lake.

Anayependa kunyamaza msimlazimishe. Lakini mwenye shaka asionekane mpinzani. Afadhali shaka isemwe chini ya mwembe kuliko kusemwa njiani, watu wakiwa wametawanyika.

Tano, pangeni mkutano ujao kabla ya kuagana: siku gani, saa ngapi, wapi, na nani ataleta nini. Siku hiyo ikifika, fungueni kwa kusoma daftari. Nani ametimiza? Nani ameshindwa, na kwa nini? Aliyeshindwa asiaibishwe, asaidiwe. Daftari lisiposomwa, watu watajua kwamba ahadi za kikundi hazina maana.

Baada ya hayo, fanyeni kama mlivyozoea: dua, wimbo, au makofi. Hayo ni mema, lakini yaje mwisho, kazi zikiwa zimeshagawanywa.

Njia hii si ngeni nchini petu. Waulizeni wazee juu ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu na kujadiliana. Lakini hawakuishia kwenye majadiliano. Kikundi kilipaswa kuamua: sisi hapa kwetu tutafanya nini? Ndipo vyoo vikachimbwa, na vichaka na madimbwi yanayozalisha mbu yakashughulikiwa. Redio ilileta habari, na wanakikundi wenyewe wakatoa uamuzi na jasho.

Nawe ndugu mkulima, sikuahidi kwamba mkutano ukifungwa vizuri mdudu atakimbia. Pale Masuguru mimea iliyokwisha kuharibika haikupona yote. Lakini viwavi wadogo waliofuata walionwa mapema, wakapondwa, kwa sababu kila shamba lilikuwa na mtu na siku yake.

Basi mkikutana wiki hii, kabla hamjainuka, ulizeni maswali matatu: Tumekubaliana nini? Nani atafanya, na lini? Nini kitatuzuia? Mkiwa na majibu, pigeni makofi mwende nyumbani.

Kwa leo tuishie hapa. Kazi njema, na Mungu akujalie mavuno mema.