Mapipa Mawili ya Majirani Saba

Nianze kwa kuwatoa wasiwasi wale wasiogusa kileo. Leo nazungumzia mvinyo, lakini simshawishi mtu kunywa. Nataka tutazame kwa nini chupa moja ya mvinyo mweupe huweza kuuzwa kwa bei ya gari lililokwishatumika, na bado mkulima wake hapati usingizi.

Twende mkoa wa Bourgogne, mashariki ya Ufaransa. Kati ya vijiji vya Puligny na Chassagne kuna mteremko uitwao Montrachet. Umaarufu wake ni mkubwa hata vijiji vyote viwili vimeongeza jina hilo kwenye majina yao. Udongo ni wa mawe ya chokaa, maji hayatuami, na jua la asubuhi huufikia mapema. Hupandwa zabibu nyeupe za aina moja tu, Chardonnay. Ukubwa wake wote ni hekta 8 hivi, na sheria hairuhusu mvinyo wa shamba la jirani kuitwa kwa jina hilo.

Hekta hizo 8 zina wenyewe zaidi ya 15. Sababu mojawapo ni urithi. Sheria za Napoleon za mwaka 1804 ziliwapa watoto wote haki sawa katika mali ya mzazi. Ni haki, lakini shamba likigawanywa kizazi baada ya kizazi, mwishowe mtu hurithi mistari michache ya mizabibu. Ndiyo maana koo nyingi siku hizi huunda kampuni ya familia: ndugu hugawana hisa, ardhi ikabaki nzima.

Chukua ukoo wa Leflaive wa Puligny, unaosifika kwa mvinyo mweupe. Mashamba yao mengine ni makubwa kiasi, lakini ndani ya Montrachet penyewe walifanikiwa kununua kipande mwaka 1991 tu, nacho hakizidi mita za mraba 800 na ushei. Hicho ni kiwanja cha kujengea nyumba. Mwaka mzuri hutoa pipa moja la lita 228, yaani chupa kama 300. Anne-Claude Leflaive, aliyeongoza kazi hiyo na kuacha dawa za viwandani shambani, alifariki mwaka 2015. Uongozi ukashikwa na Brice de La Morandière, wa ukoo huo huo.

Hakukaa muda mrefu kabla ya kupata mtihani. Alfajiri ya Aprili 27, 2016, sakitu ilianguka juu ya machipukizi mateule yaliyolowa. Jua likachomoza, miale ikapita kwenye barafu, machipukizi yakaungua. Kwa kawaida baridi hukaa bondeni na kuuacha mteremko ule. Safari hii haikuchagua.

Wakati wa mavuno, kila mmoja alikuta zabibu zisizotosha hata kujaza pipa. Ndipo familia na mashamba saba, baadhi yao yenye majina makubwa duniani, yakafanya jambo geni kwao: wakachanganya zabibu zao na kuzipeleka kwenye ghala la Leflaive. Wakapata mapipa mawili, chupa kama 600, kwa wote saba.

Mwaka uliofuata, 2017, baridi ilipotishia tena, wakulima wa vijiji vya Bourgogne walitoka kabla ya mapambazuko, wakachoma majani makavu yaliyoloweshwa ili moshi uwe pazia kati ya jua na machipukizi. Moshi wa mtu mmoja haufuniki shamba, maana upepo huupeleka kwa jirani. Ilibidi wawashe wote.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wale walizoea kulindana mipaka kwa hatua na kwa mistari ya mizabibu, kila chupa ikiwa na jina la mwenyewe. Sakitu haikuitambua mipaka hiyo, nao wakaona heri waisahau kwa msimu mmoja.