Nyoka Asiyekimbia

Kwenye kambi ya vijana kijana mmoja aliniuliza: "Pasta, ule nyoka wa mu filme, mwenye kuliza kengele kwa mukia, huku kwetu yuko?" Wenzake wakacheka. Lakini swali lilikuwa zuri, na nilimjibu: hayuko. Nyoka wa kengele anaishi Amerika tu, toka Kanada mpaka Argentina. Kengele yake ni pete ngumu, kitu kama kucha, zenye kugongana mkiani. Akizitikisa, mtu anasikia na kurudi nyuma.

Huku Katanga tuko na ndugu yake wa mbali, na huyu hana kengele. Kiswahili cha vitabu kinamwita kifutu au moma, Wabemba wanasema ifwafwa, na kwa Kifaransa utaona vipère heurtante. Mumjue vizuri, juu ndiye mwenye kutungoja njiani.

Watu wengi wanafikiri kila nyoka akisikia miguu ya mtu anakimbia. Fira, akipata nafasi, anakimbia. Hata koboko mara nyingi anakwenda zake. Kifutu anabaki. Analala kimya katika majani makavu, rangi yake na majani ni moja, akingoja panya apite. Jua likishuka, anatoka kulala juu ya njia kwa sababu udongo bado una joto. Ni saa ileile wachimbaji wanarudi toka kariere, wachoma makala wanashusha mifuko, na mama anatuma mtoto kuchota maji. Ukimkaribia, pengine atajaza pumzi na kuitoa kwa nguvu, fuuu, kama tairi ya velo iliyotobolewa. Pengine atanyamaza mpaka umemkanyaga.

Mtazame kwa mbali. Ni mnene na mfupi, mara nyingi hapiti metre moja, na mkia wake unaisha haraka. Kichwa ni kipana, chenye pembe tatu, na shingo nyembamba nyuma yake. Mgongoni kuna alama kama herufi V zilizofuatana, nyeusi na manjano, toka shingoni mpaka mkiani. Ngozi yake inakwaruza, haing'ai. Hapo ndipo vijana wanapokosea: wanasema "ni chatu mdogo, tupate nyama", na wanamkamata. Chatu anang'aa na ni mrefu kuliko unene wake. Lakini mimi nasema, ukiwa na mashaka, acha nyama hiyo ipite. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda.

Sumu yake si kama ya koboko. Ya koboko inalegeza mwili: kope zinaanguka, pumzi zinakatika, na inaweza kuua kwa masaa machache. Ya kifutu inaharibu nyama. Uchungu ni mkali, mguu unavimba, malengelenge yanatokea, nyama inaweza kuoza. Kwa kuwa mgonjwa bado anasema na anakunywa maji, watu wa nyumba wanajidanganya kwamba kuna wakati.

Najua hayo kwa sababu nilijidanganya mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, wakati nilikuwa mchungaji kijana karibu na Likasi, usiku walileta kijana wa miaka kumi na minne nyumbani kwangu. Aliumwa juu ya kifundo cha mguu akitoka kubeba makala. Baba yake alikuwa amefunga paja kwa mpira wa ndani wa velo, akaukaza sana. Mzee mmoja akaleta jiwe jeusi, akalibandika juu ya kidonda. Nami nikafungua Matendo ya Mitume, habari ya Paulo kule Malta, tukaomba mpaka jogoo akawika. Hakuna hata mmoja aliyesema "twende lupitalo". Mimi ndiye ningalisema, juu mimi ndiye walimsikiliza. Asubuhi mguu ulikuwa mweusi chini ya mpira. Kijana alipona, lakini mguu wakaukata chini ya goti.

Wazazi wake hawakunilaumu. Mimi najua.

Basi ndugu, mtu akiumwa, musimpitishe kwangu kwanza. Tutaomba tukiwa njiani. Mwondoeni mbali na nyoka, mumlaze, asitembee. Vueni kiatu na pete kabla havijabana. Fungeni mguu kwa fimbo iliyonyooka na kitambaa, kama mguu uliovunjika, ili usichezecheze. Wala musiukaze mpaka damu isimame. Musimchanje, musinyonye damu. Jiwe jeusi madaktari walilijaribu kwa wanyama wenye sumu mwilini, halikuwasaidia. Andikeni saa aliyoumwa. Akitapika, alale kwa ubavu. Mkipata moto, dereva mbele, mgonjwa katikati, mwingine nyuma amshike. Nyoka mwenyewe musimbebe, semeni tu vile anaonekana.

Kwa fira mwenye kutema mate mambo ni mengine: mkioshe jicho kwa maji mengi, kwa muda mrefu, bila kulisugua, kiisha muende kwa munganga.

Dawa yenyewe inapitishwa katika mshipa, na muuguzi anamwangalia mgonjwa kwa sababu inaweza kumletea shida ya pumzi. Si kitu cha kununua sokoni na kujichoma. Na haiko kila mahali. Mwaka 2017 OMS iliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na inahesabu kwamba watu kati ya 81 000 na 138 000 wanakufa kila mwaka duniani. Wengi wao ni watu wa shamba na watoto.

Katika parokia yetu tulituma vijana wawili, wakauliza kila kituo cha afya: dawa ya nyoka muko nayo? Mpaka tarehe gani? Majibu tuliyaandika kwenye karatasi, tukaibandika nyuma ya mlango wa kanisa, pamoja na namba za simu za madereva wawili wa moto wanaokubali kutoka usiku. Vituo tulivyouliza ni saba. Kwenye karatasi kuna majina mawili.