Tao la Mashariki: Umri wa Mwamba na Umri wa Mlima

Milima inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kupitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru hadi Udzungwa nchini Tanzania huitwa kwa jumla Milima ya Tao la Mashariki, na ni nadra kusoma maelezo yake bila kukutana na dai kwamba ni miongoni mwa milima mikongwe kuliko yote barani Afrika. Dai hilo ni nusu ya ukweli, kwani huchanganya mambo mawili ambayo wanajiolojia huyatenga: umri wa mwamba na umri wa mlima. Mwamba unaweza kukaa chini ya ardhi kwa mamia ya mamilioni ya miaka kabla haujainuliwa ukawa kilele, na ndivyo ilivyokuwa huku. Mlima Kilimanjaro, ulio jirani na Upare, hauna utata huo, kwa sababu mwamba wake na umbo lake vyote vilitokana na milipuko ya volkano iliyoanza takriban miaka milioni 2.5 iliyopita.

Mwamba unaotawala Tao la Mashariki ni naisi, ambayo ni aina ya mwamba geu, yaani mwamba uliokuwa wa aina nyingine kisha joto na mgandamizo vikaubadilisha madini na mpangilio wake bila kuuyeyusha wote. Katika kingo za barabara zilizochongwa mlimani, mahali ambapo mvua haijawahi kuulainisha uso wa jiwe, mistari myeupe ya kwatsi na feldispa huonekana ikipishana na mistari myeusi ya hornblendi, hapa imenyooka, hatua chache mbele imejikunja na kujirudia. Ndani ya mistari hiyo hujitokeza punje nyekundu za ganeti, nyingine ndogo kama mtama, pamoja na vibamba vya ulanga vinavyometameta juani.

Sehemu kubwa ya naisi hizo imefikia daraja la juu la mabadiliko, ambapo mwamba huitwa granuliti: maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya madini yamefukuzwa na joto, na madini makavu zaidi yamechukua nafasi yake. Vipimo vya madini hayo vinaonyesha kwamba yaliundwa kwenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kwa mgandamizo unaopatikana katika kina cha kilomita 30 hadi 40. Kwa maneno mengine, anayekanyaga mwamba wa Uluguru anakanyaga kitako cha safu nyingine ya milima, pengine ndefu kuliko yoyote iliyopo Afrika leo, ambayo imeshamomonyoka yote. Safu hiyo ya kale ilitokana na kugongana kwa mabamba ya ganda la dunia wakati bara kuu la Gondwana lilipokuwa likiungana, na mabaki yake, yanayopita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji, ndiyo aliyoyaita Arthur Holmes, katika andiko la mwaka 1951, Ukanda wa Msumbiji. Tarehe za tukio hilo zimepatikana kwa punje za zirkoni, madini ambayo hunasa urani yanapoumbika na kuiacha igeuke risasi kwa mwendo unaojulikana. Mwanajiolojia wa Tanzania Sospeter Muhongo na mwenzake walichapisha mwaka 1994 vipimo vya aina hiyo vilivyoonyesha kwamba granuliti hizi zilipikwa miaka takriban milioni 640 iliyopita.

Si kila kilichogongana kilikuwa jiwe gumu. Baina ya mabamba yale palikuwa na bahari, na chokaa iliyotuama sakafuni mwake ilishushwa kinani ikageuka marumaru, ambayo leo hutokeza Matombo upande wa mashariki wa Uluguru, na pia Mahenge, kusini mwa Udzungwa. Chokaa hiyo haikuwa safi, na uchafu wake ndio uliogeuka utajiri: udongo wa mfinyanzi uliochanganyika nayo ulileta alumini na kromu kidogo, ambavyo kwa joto lile vilizaa rubi, na palipokuwa na magnesi ya kutosha ikazaliwa spineli. Mabaki ya viumbe vya bahari, yaliyobaki kaboni tupu, yakawa kinywe. Mahenge ilipata umaarufu wa ghafla mwaka 2007 zilipochimbwa fuwele za spineli zenye uzito usio wa kawaida, mojawapo ikipita kilo 50, ingawa kwa mwanajiolojia ajabu kubwa zaidi ni kwamba kito cha pete kimetokana na tope la baharini.

Mlima wenyewe ni habari ya baadaye sana. Kuanzia miaka milioni 290 hivi iliyopita Gondwana ilianza kuvutwa na kupasuka, na nyufa ndefu zikakata mwamba huu mkongwe katika mapande. Baadhi yalizama na kujazwa mashapo, mengine yakabaki juu. Nyufa hizo ziliamka tena na tena, na mara ya mwisho ziliamshwa na misukosuko ile ile iliyofungua Bonde la Ufa. Ushahidi uko wazi kwa macho. Irente, karibu na Lushoto, ardhi huporomoka takriban mita 1,000 hadi uwanda wa Mazinde, ilhali juu ya Uluguru kuna uwanda wa Lukwangule, ulio tambarare kiasi cha kumshangaza aliyetoka jasho kuufikia. Utambarare huo ni mabaki ya uso wa nchi ya zamani iliyosawazishwa kabla ya kuinuliwa. Boksiti (mbale ya alumini) ya Magamba, Usambara Magharibi, husimulia jambo lilo hilo, kwa kuwa boksiti huhitaji joto, mvua na muda mrefu wa kuoza kwa mwamba mahali ambapo udongo haukokotwi upesi na maji.

Kuoza huko kunaendelea. Feldispa hugeuka udongo wa mfinyanzi, chuma kilichomo kwenye hornblendi hushika kutu na kuupa udongo wekundu wake, na maji ya mvua za Bahari ya Hindi hupenya katika tabaka hilo na katika mipasuko ya naisi, yakatoka polepole kulisha mito kama Ruvu, ambao Dar es Salaam huutegemea hata kiangazi. Tabaka hilo hilo likishiba maji hulegea juu ya mwamba mzima ulio chini yake, hasa pale mistari ya naisi inapoinama upande mmoja na mteremko. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka huko Mamba, Upare Kusini, na kuua zaidi ya watu 20.