Unga Ulikuwepo, Mifuko Ndiyo Iliyokosekana

Machi 2020, siku chache kabla Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, hajatangaza tarehe 23 kwamba Waingereza wabaki majumbani kwa sababu ya korona, nilisimama mbele ya rafu ya unga wa ngano katika supamaketi moja hapa Leicester. Tupu. Pale chini palikuwa na unga uliomwagika kutoka mfuko uliopasuka, na mtu alikuwa ameukomba kwa kiganja. Alama za vidole vinne zilionekana wazi.

Wengi wetu tulisema ni uroho. Haikuwa hivyo. Kantar, kampuni inayofuatilia manunuzi ya kaya, ilionyesha kwamba waliorundika vitu kupita kiasi walikuwa wachache. Wengi waliongeza kitu kimoja au viwili tu kwenye kapu, wakaenda dukani mara nyingi kuliko kawaida. Hilo linatosha kumaliza rafu, maana supamaketi za huku hazina stoo kubwa nyuma. Mzigo huja kila siku kwa kadiri ya mauzo yaliyozoeleka.

Unga una kisa chake. Wasagaji walieleza kwamba takriban asilimia 4 tu ya unga wa nchi hii huuzwa madukani katika mifuko midogo. Uliobaki huenda kwa malori na magunia kwenye viwanda vya mikate na biskuti, na kwa wapishi wa mahotelini. Vinu vilisaga usiku na mchana, lakini mashine za kufungasha mfuko wa kilo moja na nusu zilikuwa zimeelemewa, na mashine kama hizo hazipatikani kwa siku mbili. Ngano ilikuwepo. Tuliokuwa tukila nje, sote tulirudi jikoni kwa wakati mmoja.

Serikali ililegeza sheria za ushindani ili supamaketi zisaidiane magari na maghala. Maduka nayo yakatenga saa za wazee na wahudumu wa afya, yakaweka kikomo, mara nyingi vitu vitatu vya aina moja. Kikomo hicho kiliniuma. Anayeishi peke yake vitatu, na mwenye watoto sita na bibi yao vitatu vilevile! Jirani yangu, mama wa Kirundi, alizuiwa kaunta na chupa ya nne ya maziwa huku foleni nzima ikimkodolea macho kama mwizi. Yule mama alikuwa na nyumba ya kulisha.

Ramadhani ilianza Aprili 24, na futari bila sambusa wala kaimati watoto hawaielewi. Muuza jumla mmoja, ambaye migahawa aliyoihudumia ilikuwa imefungwa, akaanza kutuuzia magunia ya kilo 16. La kwanza tuliligawa kwa bakuli, nyumba tano. Fungu la yule mama nililiweka kizingitini, nikabisha, nikarudi nyuma hadi kwenye geti. Akafungua, akainama kulichukua, akalipima mkononi kwanza.

"Na wenu umebaki?" akaniuliza.