Tambi kwa Nyama ya Nguruwe: Kitoweo cha Baa Kirudi Nyumbani

Katika miji mingi ya Tanzania, Musoma na Bunda ikiwamo, nyama ya nguruwe imepewa jina la kitimoto, na makao yake yamekuwa ni baa. Huagizwa kwa kilo au nusu kilo, ikakaangwa, ikaletwa mezani pamoja na ndizi na pilipili. Walaji aghalabu ni akina baba. Mama na watoto wamebaki nyumbani na ugali na dagaa.

Hapana ubaya wowote katika ugali na dagaa. Ndicho chakula kilichowakuza watu wa Mara, kuanzia ufuko wa Ziwa Victoria hadi Butiama. Ubaya ni kwamba fedha ni ya nyumba nzima, lakini kitoweo kinaliwa na mtu mmoja. Nusu kilo ile ile inayomalizwa na marafiki wawili katika muda wa maongezi, ikipikwa nyumbani kwa tambi na mboga, hutosha chakula cha jioni cha watu sita.

Tambi si ngeni kwetu. Wenzetu wa Pwani huzipika kwa sukari na tui la nazi, na mwezi wa Ramadhani huwa ni sehemu ya futari. Huko China, tambi kwa nyama ya nguruwe ni chakula cha siku zote majumbani. Nasi twaweza kuziandaa kwa chumvi, nyanya na kabichi, kwa vitu vinavyopatikana sokoni.

Lakini kabla ya kuwasha jiko, yafaa tuelewe kwa nini nyama hii haitaki haraka. Adui wake ni tegu. Mnyoo huyu huishi katika utumbo wa binadamu, na mayai yake hutoka pamoja na choo. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi huyameza, nayo hugeuka kuwa malengelenge madogo ndani ya nyama yake. Mtu alaye nyama hiyo kabla haijaiva hupata tegu.

Hatari iliyo kubwa zaidi hutokea pale mayai yenyewe yanapoingia kinywani kwa mikono michafu, maji machafu au mboga zisizooshwa. Hapo malengelenge huweza kujijenga katika ubongo wa mtu na kumletea kifafa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa, katika sehemu nyingi ambako ugonjwa huu umeenea, karibu asilimia 30 ya kifafa husababishwa nao. Kifafa hicho si uchawi wala laana. Kinga yake ni nguruwe kufungiwa bandani, kila nyumba kuwa na choo na kukitumia, mikono kuoshwa kwa sabuni, na nyama kuiva barabara.

Basi nunua nyama buchani, penye mhuri wa mkaguzi. Itazame kwa makini. Ukiona vijilengelenge vyeupe mfano wa punje za mchele, usiinunue, bali toa taarifa kwa mkaguzi wa nyama.

Kwa watu sita, andaa nyama nusu kilo isiyo na mafuta mengi, tambi ndefu pakiti moja ya gramu 500, vitunguu viwili, nyanya nne zilizoiva, karoti mbili, robo ya kabichi, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, limau moja na chumvi. Mafuta ya kupikia hayahitajiwi, maana nyama yenyewe inayo.

Kata nyama vipande vidogo, visivyozidi ukubwa wa kidole gumba, ili moto ufike ndani upesi. Kisu na ubao uliotumia vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla havijagusa mboga. Tia nyama sufuriani pamoja na saumu na tangawizi iliyopondwa, chumvi na maji ya limau. Ongeza maji hadi nyama ifunikwe, kisha funika sufuria na uache ichemke kwa moto wa wastani kwa muda wa saa moja. Pasua kipande kilicho kikubwa kuliko vyote: kisiwe na wekundu ndani, na majimaji yake yawe maangavu. Kama bado, ongeza maji na muda.

Maji yakikauka, mafuta yatajitokeza. Geuzageuza nyama humo hadi ipate rangi ya kahawia, kisha punguza mafuta na kubakiza vijiko viwili. Tia vitunguu, vikilainika tia nyanya na karoti, uache vipikike hadi nyanya zirojeke.

Mwenye jiko moja la mkaa asihangaike. Ipua sufuria ya nyama, ifunike, kisha bandika maji mengi yenye chumvi. Yakichemka kabisa, tia tambi na uzikoroge zisishikane. Baada ya dakika kumi hivi zionje: ziwe laini lakini zisivurugike. Chuja. Rudisha nyama motoni, tia kabichi iliyokatwa nyembamba, mimina tambi, changanya kwa dakika tatu hadi vyote vipate moto, kisha pakua.

Liko jambo jingine lisilopasa kusahauliwa. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, wapangaji kadhaa wakitumia ua mmoja. Waislamu hawali nyama hii, wala Wasabato, ambao ni wengi katika Mkoa wa Mara. Usiazime sufuria wala mwiko wa jirani kwa mapishi haya, usimpe mtoto wa mwenzio bila wazazi wake kujua, wala usifanye mzaha. Mwezi Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa jijini Dar es Salaam, na nchi ikashtuka. Amani ya taifa huanzia uani. Mgeni asiyekula nguruwe mpikie tambi hizo hizo kwa sato, katika chombo kingine, naye atakula kwa furaha.

Mwisho, neno kwa akina baba. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alieleza katika andiko lake la mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini kwamba wanawake walibebeshwa kazi kuliko sehemu yao ya haki. Jiko ni sehemu ya mzigo huo. Siku utakayopita buchani badala ya baa, ichukue ile nusu kilo hadi nyumbani, vua shati la kazi, nawa mikono, nawe uanze kukata nyama.