WAFO ZAKO ZINAMFIKIA MTEJA ZIMELEGEA? SOMA HAPA

Leo naongea na wanaouza vitafunwa mtandaoni, hasa wafo, ile mikate ya vishimo vishimo.

Nilipoanza kuuza wafo nilipata oda ya ofisini, wafo 12, kutoka Tabata mpaka Posta. Nikapika asubuhi, nikazipanga moja juu ya nyingine zikiwa za moto, nikazungushia foili, nikafunga boksi, nikampa boda. Nikajiona fundi. Baada ya muda mteja akanitumia picha: ameshika wafo moja kwa vidole viwili, imeinama kama tambara la deki. Akaandika, "Mdogo wangu, hizi umezipika jana?"

Nikarudisha hela yote, na nauli ya boda ikawa hasara yangu. Ile ofisi haikuagiza tena mpaka leo.

Nilidhani tatizo ni mapishi, nikabadilisha mara tano. Kumbe wafo zilikuwa zinatoka safi kwenye mashine, ila mimi mwenyewe nilikuwa naziua kwenye boksi.

ADUI YAKO NI MVUKE

Wafo inakuwa kavu nje kwa sababu maji ya kwenye rojo yametoka kama mvuke. Ukiitoa mashineni bado inaendelea kutoa mvuke. Ukiifunga hapo hapo, ule mvuke hauna pa kwenda, unarudi kwenye wafo. Ndiyo maana inalegea. Kwa hiyo kila hatua hapa chini kazi yake ni moja: kuutoa mvuke nje.

1. ROJO

Hivi ndivyo vipimo ninavyotumia:
- Unga wa ngano kikombe 1 na robo tatu
- Kornflawa robo kikombe (ule unga mweupe laini kama poda, siyo unga wa ugali)
- Beking pauda vijiko vya chai 3
- Sukari vijiko vya chakula 2
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Mayai 2
- Maziwa kikombe 1 na robo tatu
- Mafuta ya kupikia nusu kikombe

Tenganisha viini na ute. Viini changanya na maziwa na mafuta, kisha mimina kwenye unga ulioshachanganywa na vitu vikavu. Koroga kidogo tu, vidonge vidogo vikibaki siyo tatizo. Ukikoroga sana unga unaanza kuvuta kama wa chapati, na wafo itakuwa ngumu kutafuna.

Ute upige peke yake mpaka uwe povu zito linalosimama ukinyanyua mchapo. Bakuli lisiwe na mafuta wala kiini, hata tone, maana povu halitapanda. Kisha ingiza povu kwenye rojo taratibu, unakunja kutoka chini kwenda juu. Usipige tena. Ile hewa ndiyo inaifanya wafo iwe nyepesi.

Kornflawa inasaidia ukavu. Mafuta nayo nayapenda kuliko siagi, kwa sababu siagi ina maji ndani yake. Na usizidishe sukari: wafo itapata rangi haraka kabla haijakauka, utadhani imeiva kumbe ndani mbichi.

2. MASHINE

Taa ikionyesha tayari, usikimbilie kumimina. Iache dakika chache zaidi, mashine ipate moto wa kutosha. Ukimimina ikiwa ya vuguvugu, rojo inachemka badala ya kukauka.

Usifungue funguafungua, wafo itachanika vipande viwili. Angalia mvuke unaotoka pembeni. Mwanzoni unatoka mwingi, ukishapungua sana ndiyo ufungue.

3. KUPOZA

Usiweke kwenye sahani wala usipange moja juu ya nyingine. Weka kwenye wavu wa waya, hewa ipite juu na chini. Mimi nasubiri mpaka nisione mvuke tena. Najua unataka mteja apate ya moto, ila niamini, wafo ya vuguvugu lakini kavu inamfurahisha kuliko ya moto iliyolowa.

4. KUFUNGA

Achana na foili na mfuko wa nailoni. Tumia boksi la karatasi, toboa matundu machache juu na pembeni. Zisimamishe kwa ubavu au tenganisha kwa karatasi ya kaki. Asali, chokoleti na matunda viende kwenye vikopo vyenye mfuniko. Mteja atamwagia mwenyewe.

Andika kikaratasi: "Ikilegea, pasha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 1 mpaka 2 kila upande. Usitumie maikrowevu." Hakikaratasi hako kamenipunguzia malalamiko sana.

5. JITUMIE ODA MWENYEWE

Kabla hujatangaza kwamba unafikisha mji mzima, pika wafo, funga kama ya mteja, weka saa. Fungua moja baada ya dakika 20, nyingine 40, nyingine saa 1. Zile. Pale ulipoanza kutoridhika ndipo mwisho wa eneo lako. Mimi sasa hivi wafo hizi sipeleki mbali na foleni, hata mtu akitaka kunilipa mara mbili.

Hata Ubelgiji kuna aina mbili maarufu. Ya Brussels ni nyepesi na kavu, tamu ikiliwa hapo hapo. Ya Liège ni ya unga mzito wa hamira wenye punje za sukari ndani, na hata ikipoa inalika vizuri. Kwa hiyo kama wateja wako wako mbali, labda jifunze hiyo ya pili. Usilazimishe kitu kisichopenda safari.

BEI

Wengi tunahesabu unga na mayai tu. Weka na boksi, vikopo, zilizoungua, na umeme. Mashine ya wati 1,000 ikivuta umeme saa 1 mfululizo inakula uniti 1. Zikuhesabie mashine na zikuhesabie na mikono yako pia.

Na rojo yenye povu haisubiri oda. Pima vitu vikavu usiku, weka kwenye makopo, oda ikilipiwa ndiyo upige mayai.

Oda moja iliyolegea ilinipotezea ofisi nzima. Wewe usisubiri utumiwe picha kama yangu. Mtumie na mwenzako anayeuza vitafunwa asome.