Chumvi, Sukari na Malango ya Seli

Mwanafunzi akiambiwa achore seli, huchora duara upesi, kisha hutumia muda wake wote katikati. Kiini hukitia rangi na kukiandika jina kwa herufi kubwa, mitokondria huzipanga mbili tatu kama maharage, na lile duara hubaki mstari wa penseli tu wenye mshale unaosema “utando”. Ndivyo tulivyofundishwa: utando ni ganda, kazi yake ni kuzuia yaliyomo yasimwagike. Naona hapo tumeanza vibaya. Anayetaka kuelewa seli inaishi vipi aanzie kwenye mstari huo, kwa kuwa kuishi kwenyewe, saa kwa saa, kunaendeshwa pale. Ushahidi wa jambo hilo umo kwenye pakiti ya ORS, gramu 20.5 za unga mweupe wa chumvi na sukari anazopewa mama zahanati mtoto wake anapoharisha.

Utando wa seli una unene wa nanomita zisizofika kumi. Ukipanga tando elfu kumi moja juu ya nyingine ndipo unakaribia unene wa karatasi ya daftari. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Evert Gorter na François Grendel, walitoa mafuta yote kwenye chembe nyekundu za damu wakayatandaza juu ya maji, na eneo lake likatoka mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakahitimisha kwamba utando ni tabaka mbili za mafuta zilizolaliana. Mafuta na maji hayapatani, kila mpishi anajua, na hapo ndipo panapozaliwa shida ya kila seli. Chumvi na sukari zinayeyuka kwenye maji, lakini haziwezi kupenya mafuta. Bila njia maalumu, seli ingekaa katikati ya chakula tele ikafa njaa. Njia hizo ni protini zilizochomekwa kwenye utando, kila moja na umbo lake na inachokipitisha. Maji nayo yana yake, iliyomletea Mmarekani Peter Agre Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Protini moja kati ya hizo inastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark, akifanya kazi na mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, aliigundua pampu inayotoa ayoni tatu za sodiamu nje ya seli na kuingiza mbili za potasiamu, kisha ikarudia, na kurudia, bila kupumzika maisha yote ya seli. Takriban robo ya nishati anayotumia mtu aliyetulia huishia kwenye pampu hiyo peke yake. Gharama kubwa namna hiyo kwa kazi ya kutoa chumvi nje inaonekana kama ubadhirifu, mpaka ufikirie tangi la maji juu ya paa. Ukishayapandisha maji kwa pampu, yanashuka yenyewe, na yakishuka yanaweza kukufanyia kazi. Kwa sababu ya pampu, sodiamu nje ya seli ni karibu mara kumi ya iliyo ndani. Inasukumana kutaka kurudi, na seli huiruhusu irudi kwa sharti.

Sharti hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye utumbo mwembamba. Kila siku hupita humo lita nane au tisa za majimaji: lita mbili hivi tulizokunywa na kula, zilizobaki ni mate, nyongo na maji mengine ya mwili wenyewe. Karibu yote lazima yarudishwe kwenye damu. Kwenye uso wa seli za utumbo, ule unaoelekea chakula, kuna lango linalofunguka pale tu sodiamu na glukosi zinapofika pamoja. Ayoni mbili za sodiamu zinaingia na glukosi moja; ikikosekana glukosi, lango halizunguki. Robert Crane alilieleza wazo hilo kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague mwaka 1960. Chumvi na sukari zikishavuka, maji huzifuata, maana maji huelekea daima palipo na vitu vingi vilivyoyeyuka.

Mwaka huohuo wa 1960, mbali na Prague, lilijibiwa swali la zamani kuhusu kipindupindu. Ugonjwa huu ulishaitikisa pwani yetu: daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar ulipovuma mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya mapigo yake Afrika Mashariki, kikachapwa London mwaka 1876. Madaktari wa karne ile, waliotazama utumbo wa maiti, walikuta umechubuka, wakaamini kwamba kipindupindu kinaubabua. Kama ni hivyo, kumnywesha mgonjwa ni kazi bure, kwa sababu hakuna seli iliyobaki ya kuyapokea maji. Eugene Gangarosa na wenzake walichukua vipande vidogo vya utumbo wa wagonjwa waliokuwa hai huko Bangkok, wakavitazama kwa hadubini, wakakuta seli ziko mahali pake, nzima. Mchubuko wa zamani ulikuwa umetokea baada ya kifo. Seli haikuwa imekufa wala kuungua. Sumu ya bakteria ilikuwa imeingia ndani na kutoa amri moja ya uongo, nayo ni kuliacha wazi lango la kloridi. Kloridi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu inaifuata, maji yanafuata, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Macho yanadidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, mkojo unakata. Anayekufa kwa kipindupindu anakufa kwa kukaukiwa maji, huku seli za utumbo wake zikiwa na kila kiungo chake.

Ila sumu hiyo hailigusi lile lango la sodiamu na glukosi. Hapo ndipo matibabu yote yalipopenyea. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walionyesha mjini Dhaka kwamba mgonjwa wa kipindupindu akinyweshwa maji yenye chumvi na glukosi kwa vipimo sahihi, mahitaji ya maji ya mshipani yanapungua kwa asilimia 80 hivi. Miaka mitatu baadaye vita vya Bangladesh viliwasukuma wakimbizi kuvuka mpaka kuingia India, na kwenye kambi ya Bangaon daktari Dilip Mahalanabis akaishiwa chupa za dripu. Aliamuru chumvi na glukosi zipimwe na kutiwa kwenye mifuko, zikorogwe kwenye maji, na ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vilishuka hadi chini ya 4. Hakuna kiini kilichotibiwa pale. Lilitumiwa lango moja zima kurudisha kilichokuwa kikivuja kwenye lango jingine.

Mtu wa baiolojia atapinga: hayo malango yenyewe yanatengenezwa kwa maelekezo yaliyomo kwenye kiini, basi kiini ndicho mkuu. Kwamba maelekezo yanatoka huko ni kweli. Lakini tazama chembe nyekundu ya damu, ambayo hukitupa kiini chake kabla ya kuingia mishipani, kisha ikafanya kazi siku zipatazo 120 bila hicho. Itie kwenye maji matupu, itavimba na kupasuka papo hapo. Hata hitilafu za maelekezo mara nyingi huumiza zikifika utandoni. Lilelile lango la kloridi ambalo sumu ya kipindupindu huliacha wazi, kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa sistiki faibrosisi halifanyi kazi ipasavyo, na ute mzito huwaziba mapafu.

Pingamizi la pili ni la akina mama, na lina uzito zaidi: ORS nimempa, mbona bado anaharisha? Swali la haki kabisa, na ni kosa letu kuwapa watu pakiti bila kuwaeleza. ORS haikusudiwi kulifunga lango lililofunguka. Inajaza tangi kwa mlango mwingine wakati tundu bado lipo. Kwa hiyo mtoto aendelee kunywa kidogo kidogo, hata akitapika, baada ya kusubiri dakika chache. Wengine hufikiri sukari ikizidi ndiyo nguvu, wakamnunulia mtoto soda. Hesabu ya lango haikubali: glukosi inayozidi uwezo wa malango hubaki kwenye utumbo na kuyavuta maji huko, kuhara kukaongezeka. Ndiyo sababu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza vipimo, sodiamu kutoka milimoli 90 hadi 75 kwa lita na glukosi kutoka 111 hadi 75. Pakiti isipopatikana, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, basi mkono usikadirie. Na aliyelegea kiasi cha kushindwa kunywa apelekwe hospitali akatundikiwe dripu bila kuchelewa.

Limebaki swali la jinsi ugonjwa unavyokwisha, ikiwa hakuna anayelifunga lile lango. Seli iliyoingiwa na sumu haiponi. Itavuja mpaka mwisho wake. Bahati ni kwamba seli ya utumbo haiishi sana. Huzaliwa kwenye vishimo vya ukuta wa utumbo, hupanda taratibu hadi kileleni, na siku ya tatu, ya nne au ya tano hudondoka na kutoka na uchafu, nyuma yake zikiwa zimepanda nyingine ambazo sumu haijazifikia, malango yao ya kloridi yakifungwa na kufunguliwa kwa amri ya kweli. Maji ya chumvi na sukari yanamshikilia mgonjwa kwa muda huo, siku chache tu, seli mpya zikipanda.